Kitufe Kilichovuka Korongo

Mbulu mjini,
Jumapili, 22 Novemba 2009.

Kwa kaka yangu Wolfgang,

Shikamoo kaka. Tumsifu Yesu Kristo. Nimekuamkia kwenye mstari wa kwanza kabisa usije ukasema mdogo wako amepata ualimu akasahau adabu. Habari za Getanuwas? Habari za ng'ombe na mvua? Huku baridi ni ileile, asubuhi ukungu unaingia darasani kabla ya wanafunzi. Mama yuko salama Endagikot, kifua chake kimetulia, na kila Jumapili anakuulizia wewe kana kwamba mimi niliyekaa mbele yake nikinywa chai yake ni mpangaji. Mwili wangu ni mzima. Roho ndiyo inaumwa, na dawa yake unayo wewe.

Ningekupigia simu, lakini mara ya mwisho ulinikatia nikiwa katikati ya neno. Karatasi haikatiki hivyo. Unaweza kuichana, ila nakujua, wewe hata karatasi iliyofungia sukari unaisoma kwanza. Ninamkabidhi Nikolausi, kondakta wa basi la Katesh, na nimemwambia akuwekee mkononi mwako, asiiache dukani, kwa sababu Alhamisi baraza la ardhi la kata linakaa. Wataamua ile ng'ambo ya mashariki ya korongo ni shamba lako au ni ardhi ya Mzee Gidabuday. Mzee anasema ni kwao tangu zamani, na kaburi la baba yake liko hukohuko. Nawe unasema kaburi liko magharibi, ng'ambo iliyo na boma lake, na ushahidi wako mkubwa ni ile ramani ya kompyuta iliyotoka darasani kwangu. Kaka, ramani ile inadanganya. Nataka nikueleze ilivyokuwa tangu mwanzo bila kutia chumvi, kazi ambayo wewe mwenyewe unajua sijaizoea.

Unakumbuka mlivyonicheka nilipofeli kidato cha pili, ukasema labda nitafaulu kuchunga. Sikuchunga. Nilikaa dukani kwa Idd pale sokoni nikajifunza kuchoma CD, kupiga video za harusi, na kurusha mioyo juu ya kichwa cha bibi harusi. Mbulu hii watu walikuwa wakiahirisha harusi kunisubiri mimi. Haya, chumvi hiyo, samahani. Ndipo shule ikapewa kompyuta, na mwalimu Thadei, aliyeletwa kutoka Dar kufundisha usanifu wa medianuwai, akakimbia baridi hata muhula haujaisha. Mkuu wa shule, Mwalimu Kissa, akaja dukani kuuliza nani anayaweza mambo hayo. Idd, mwenye duka, mwenye cheti, akatazama chini. Mimi nikasema vyeti sina, mikono ninayo, na kama Manyara nzima yupo mwingine anayeyajua basi nilimfundisha mimi. Mama wa watu akacheka, akanichukua kwa majaribio. Ndivyo mtu aliyefeli kidato cha pili alivyoanza kufundisha kidato cha tano.

Somo lenyewe niliwahi kukueleza ukasinzia. Sasa usisinzie. Unachukua picha, sauti, maandishi na video, unavipanga kwenye skrini ili mtu akigusa mahali, pale mahali pamjibu. Si kama televisheni ya baa, inayokusemesha bila kukusikiliza. Hii inangoja uiguse. Pale pa kugusa panaitwa kitufe. Na kwa kuwa kompyuta nyingi ziligoma kuwaka na umeme nao una safari zake, nilibuni yangu. Nikawasimamisha wanafunzi mbele ya darasa, kila mmoja awe kitufe. Mwenzake akimgusa bega anasema sentensi yake, kisha ananyamaza. Watu wazima wenye ndevu wanaguswa mabega wanasema karibu Mbulu, rudi mwanzo, endelea mbele. Mmoja, Gidahosh, aliguswa akakaa kimya. Nikamwuliza kama kitufe kimeharibika. Akasema hakijaharibika, mwalimu, kinafikiri. Darasa likaanguka kwa kicheko, nami tangu siku hiyo nikampenda yule kijana. Ni mjukuu wa Mzee Gidabuday.

Niliwapa sheria zangu. Sauti iwe fupi, kwa sababu mtumiaji hana subira kama mke wa pili. Picha ikatwe mviringo, ya nyuma yote yatolewe, vilima na mawingu havimhusu mtu. Na skrini iwe na mizani, isijae upande mmoja, maana mtumiaji ni kama ng'ombe kwenye josho, akiona msongamano anageuza. Walizishika kama amri za Mungu. Laiti wangezipinga.

Kazi yao kubwa ikawa kutengeneza ramani ya nyumbani inayozungumza. Kundi la Gidahosh, pamoja na Marieta, binti mmoja wa hapa Endagikot mwenye mkono mzuri wa picha, likachagua Getanuwas. Likizo ya katikati ya mwaka wakaenda na kamera ya shule. Mzee Gidabuday hakutaka. Alisema jina la baba yake halitupwi ovyo kwenye mashine. Gidahosh alimbembeleza mpaka akakubali kwa sharti moja, kwamba aseme akiwa amesimama palepale kaburini, mguu wake ukigusa lile tuta la udongo walilomjengea marehemu wakati wa yale mazishi yao makubwa. Kiswahili chake ni kidogo lakini kizito. Alisema, Hapa amelala baba yangu. Korongo liko nyuma yangu, jua linazama huko, na ng'ombe wa watu wasipite hapa. Ndivyo alivyosema, yote.

Waliporudi nikasikiliza, nikawaambia ni ndefu. Nikabakiza, Hapa amelala baba yangu. Mengine nikayakata. Marieta naye akaikata picha ya kaburi mviringo kama nilivyomfundisha, mlima Hanang uliokuwa nyuma ukaenda, korongo likaenda, likabaki tuta peke yake kama mkate. Na kompyuta ilipolalamika imejaa, niliwaamuru wafute picha na sauti zote za mwanzo. Msanifu safi hatunzi takataka, niliwaambia hivyo. Nilisema kwa sauti ya juu ili Mwalimu Kissa aliyekuwa anapita dirishani asikie.

Sasa sikiliza hapa, kaka. Upande wa mashariki wa korongo skrini ilijaa. Kulikuwa na kitufe cha kisima, cha njia ya mnadani, cha shamba lako wewe mwenyewe na ng'ombe wako wanalima, na kitufe cha kaburi kikaangukia juu ya kitufe cha kisima. Ukigusa maji, marehemu anaitika. Upande wa magharibi ulikuwa mtupu. Basi mimi, kwa mkono wangu, nikakishika kitufe cha kaburi, nikakivusha korongo, nikakiweka magharibi. Skrini ikapendeza. Gidahosh akasema, Mwalimu, kaburi haliko huko. Nikamjibu mbele ya wenzake kwamba ile ni ramani ya macho, si ya miguu, na kwamba marehemu hatatembea kwa sababu kitufe kimetembea. Wakacheka. Yeye hakucheka. Nikamwambia aache ushamba.

Yaliyofuata uliyaona, ulikuwepo. Siku ya mahafali ulivaa koti lako la harusi ukakaa mstari wa mbele, na nilipowasha projekta nikakuona unavyonyoosha shingo kumwambia jirani yako kwamba yule ni mdogo wako. Sijawahi kujisikia mrefu kama siku ile. Mwalimu Kissa alipouliza mbele ya wazazi nani ametengeneza, nikasema ni kazi ya wanafunzi, kila kitu ni mikono yao, mimi sikugusa hata kimoja. Nilitaka niitwe mwalimu bora. Walinipigia makofi. Jioni ukaniomba CD moja ukawaonyeshe watoto. Nikakupa mbili.

Sikujua ungeipeleka ofisi ya kata. Wewe ulinieleza kwa furaha ilivyochezwa kwenye kompyuta ya mtendaji, wazee wamejaa mpaka mlangoni. Mwenyekiti wa baraza, Mzee Alfredi, akagusa picha ya kaburi magharibi ya korongo, na sauti ya Mzee Gidabuday mwenyewe ikatoka, Hapa amelala baba yangu. Akagusa tena, ikasema tena, hapa. Mzee alikuwa amekaa palepale kwenye benchi, akiisikia sauti yake inamkana. Ulisema alisimama akaanza kuongea Kibarbaig, lugha ya kwao, na Mzee Alfredi akamwambia atulie, maana ameshasema. Wewe ulicheka uliponisimulia. Mimi nilikaa chini sakafuni, pale maabara, katikati ya nyaya.

Kaka, usidhani nilinyamaza. Kesho yake nilikuwa ofisini kwa Mzee Alfredi. Nikamwambia kitufe nilikisogeza mimi. Akanitazama kama anavyotazamwa mlevi. Akanikumbusha kwamba nilishasema nimepanda mlima Hanang nikarudi kabla chai haijapoa, na kwamba redio ya askofu niliitengeneza kwa kijiko. Akauliza kama kweli kompyuta ya shule iseme uongo, halafu Patriki wa Akonaay aseme kweli. Wenzake wakagonga meza. Nikatengeneza ramani upya, kaburi nikalirudisha mashariki, nikawapelekea. Ikawa vibaya zaidi. Mzee mmoja alisema jana kaburi huku, leo kule, kesho litakuwa Singida. Mwingine akauliza kwa upole kama Mzee Gidabuday amenipa ndama au ng'ombe mzima.

Nikafanya ujinga mwingine, niliouona ni werevu. Nikamwomba Mzee Alfredi aseme maneno machache eti nijaribu kinasa sauti. Akasema kwa madaha, Hapa ni nyumbani kwangu, karibuni. Nikamrudia na ramani, kitufe chake nimekiweka katikati ya ziwa Basotu, kiboko kando yake. Nikamwambia aguse. Akagusa. Nilitaka aone kwamba sauti inakwenda popote inapopelekwa, kama mbuzi wa kamba. Vijana waliokuwa pale walicheka mpaka wakatoka nje, lakini yeye hakucheka. Akaniambia nimethibitisha kwamba mimi ni mwongo, jambo ambalo baraza lilikuwa linalijua, ila ramani ya Getanuwas sikuitengeneza mimi. Ilitengenezwa na wanafunzi wasio na hila, na nilisema hivyo kwa kinywa changu mbele ya wazazi wote. Kaka, nikachukua CD yangu nikatoka. Mimi, ambaye mama husema nilizaliwa nikijibu.

Mwalimu Kissa ndiye peke yake aliyeniamini, lakini akaniuliza ziko wapi picha za mwanzo, iko wapi sauti nzima. Nikamwambia nilifuta. Akasema yeye ni mgeni katika nchi hii, ametoka mbali, na baraza halitamsikiliza mama Mnyakyusa juu ya korongo la Hanang. Nikakupigia wewe. Ukaniambia nimekusaidia bila kujua, na kwamba Mungu hutumia hata wajinga. Halafu ukakata.

Sijui kama umesikia habari za Gidahosh. Kwao wanasema amemuuza baba wa babu yake kwa mashine. Alipokwenda nyumbani mwisho wa mwezi, babu yake hakumwitikia salamu, akaambiwa mahali pake pa kulala ni huko kwenye kompyuta. Amerudi shuleni, hasomi. Darasani nikimwita anasimama tu. Wenzake walijaribu utani, mmoja akamgusa bega waone kama kitufe kitajibu. Nilimtoa nje yule mtoto kwa hasira ambayo sikujua ninayo, kumbe hasira yenyewe ilikuwa yangu mimi.

Ijumaa nikamchukua Gidahosh tukaja Getanuwas. Wewe ulikuwa mnadani. Nilitaka tupige picha nyingine ya kaburi, safari hii na mlima wote nyuma yake na korongo lote mbele, picha pana ambayo hata kipofu angeielewa. Nilikuwa na furaha njiani, nikimtania kwamba leo tutavunja sheria zote za mwalimu wake. Tulipovuka korongo nilidhani tumepotea njia. Pale kaburini, palipokuwa na kisiwa cha majani katikati ya shamba lako na ile miti miwili, palikuwa pamelimwa. Plau limepita moja kwa moja kutoka njia ya mnadani hadi ukingoni, udongo mbichi, mizizi imelala juu.

Mzee Gidabuday alikuwa mle shambani peke yake. Unajua macho yake yameingia ukungu. Alikuwa amevua viatu, anatembea kwenye mfereji wa plau polepole, anakanyaga, anasimama, anakanyaga tena, kama mtu anayetafuta sindano kwa nyayo. Gidahosh akamwamkia. Nikafikiri hatajibu. Akasema, Una macho, nitafutie. Yule kijana akakimbia, akasema ni hapa. Akasogea, akasema hapana, ni hapa. Akaenda kulia, akarudi, akahesabu hatua, akasema hapa, halafu akaketi chini kwenye udongo akafunika uso. Mimi nilisimama na kamera shingoni kama mtalii. Mzee hakunitukana. Aliniuliza tu mimi ni nani, nikamwambia ni mwalimu. Akasema, Mwalimu, ile mashine yako inasema hapa. Hapa ni wapi?

Shemeji Violeth alituona. Alituletea maziwa mpaka ukingoni mwa shamba, hakuvuka kuingia. Nikamwuliza nani alilima na lini. Akakusanya vikombe hata kabla hatujamaliza, akasema nikuulize wewe. Alikuwa analia, kaka, na unajua mkeo si mtu wa kulia.

Basi nakuuliza, ingawa jibu ninalo. Kuna jambo ambalo sijamwambia Mzee Alfredi, wala Mwalimu Kissa, wala Gidahosh. Mwaka ule wa kwanza ulipohamia Getanuwas mimi ndiye niliyekuongozea ng'ombe. Nilikuwa nimetoka kufeli, nimenuna, nawachapa fahali ovyo. Tulipofika penye kile kisiwa cha majani nilitaka tupite katikati ili mstari unyooke. Ulinishika mkono. Uliinua plau juu kwa mikono yako miwili, ukalizungusha lote, ukalishusha upande wa pili, jasho linakutoka. Nikakucheka. Ukaniambia, Usikanyage, pana mtu pale. Na ulifanya hivyo kila msimu, nimekuona. Wewe hukudanganywa na ramani yangu, kaka. Ulijua kwamba inadanganya tangu pale kwenye mahafali ulipokuwa ukinyoosha shingo. Mimi nilikisogeza kitufe kwa ujinga. Wewe umemfuata huyo marehemu na plau ili kitufe kiwe kweli.

Nimeandika sentensi hiyo nikaikata, nikaiandika tena. Imekaa.

Sikuchukii. Najua Endagikot ardhi imekwisha, najua tuligawana vipande ambavyo kuku akikimbia ameshaingia kwa jirani, najua una watoto na ulifika Getanuwas na jembe tu. Lakini baba yetu amelala nyuma ya nyumba pale Endagikot, kando ya migomba, na hakuna aliyewahi kutuambia tulete ushahidi. Siku mtu akija kutuuliza yuko wapi, tutanyoosha kidole tu, basi. Mzee Gidabuday hana tena pa kunyoosha kidole.

Alhamisi nitakuja. Umeniita nije na kompyuta niwe shahidi wako, nami nitakuja mikono mitupu na nitakaa benchi la Mzee. Nitasema kitufe nilikisogeza mimi, wanafunzi hawana kosa, na nitasema ulichoniambia mwaka ule tukiwa na ng'ombe. Watanicheka. Mzee Alfredi atauliza kuhusu ndama. Watakuangalia wewe useme mdogo wako ni mwongo, na ukisema hivyo wataamini, kwa sababu wewe hujawahi kusema uongo hadharani tangu tuzaliwe, na mimi sijawahi kusema kingine. Nitashindwa, najua. Sina picha, sina sauti, nimevifuta vyote kwa usafi wangu. Hapa duniani amebaki mtu mmoja tu anayepajua pale, aliyepazunguka kila msimu kwa mikono yake, na huyo ni wewe. Hata Mzee akishinda Alhamisi, bila wewe atarudishiwa udongo tu.

Kwa hiyo sikuombi shamba. Shamba mtabishana nalo mbele ya baraza kama watu wengine. Nakuomba kabla ya Alhamisi umwite Mzee, na Gidahosh akiwepo amwone babu yake anaitwa, uwapeleke pale, usimame, useme ni hapa. Neno hilo moja. Mimi nimelisambaza kwenye CD hata sijui ziko ngapi na halina maana tena, ila likitoka kinywani mwako, na miguu yako iko juu yake, litarudi kuwa neno.

Msalimie sana shemeji Violeth, mwambie maziwa yake tuliyanywa yote. Wabusu watoto, na yule mdogo mwambie baba mdogo hajasahau ahadi ya kumpiga picha akiwa juu ya dume. Mama anakusalimu kwa moyo wote. Hajui kitu, na sitamwambia mpaka nijue nitamwambia nini. Mungu akulinde na akupe mvua, ila iache ichelewe kidogo, maana ikinyesha kabla hujafika pale, mifereji itajifunga na hata wewe hutapajua.

Huku usinijibu. Nenda ukaweke jiwe pale alipolala.

Ni mimi mdogo wako,
Patriki Akonaay